Kiko Nilichokiziba kwa Mafuta ya Papa

Haya ninayowaeleza nayaonea aibu mpaka leo, tena si aibu ya kuinamisha macho tu, maana pale Chole Mjini kuna watu wasiojua jina langu wala la baba yangu, lakini nikipita wanaziba pua na kunicheka, nami nawapa salamu kwa adabu na kupita zangu. Basi bora niseme mwenyewe, kwa sababu kila anayesimulia mkasa huu anaongeza lake, na juzi nimesikia kwamba huko Kilindoni wanasema nilichoma msikiti. Sikuchoma msikiti. Nilichoma paa la baraza, tena pembe moja tu, na mwenye baraza alikuwa mtu niliyetaka awe baba mkwe wangu.

Mimi ni mtu wa Jibondo, fundi wa kukalafati vyombo. (Kwa asiyejua: kukalafati ni kusindilia pamba kwenye mianya ya mbao ili maji yasiingie, na pamba yenyewe tunailoweka kwanza katika mafuta ya ini la papa, kisha chini ya chombo tunapaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Inanuka, ndiyo. Sisi wenyewe hatuisikii tena.) Na kisiwa chetu ni mawe matupu, maji ya kunywa hatuna, tunavuka na mapipa kwenda kuteka Chole, na huko kisimani ndiko nilikomwona Mwanahawa, binti wa Mzee Mbaraka mwenye minazi, naye akaniona, tukawa tunaamkiana, maamkizi yakarefuka, na mapipa yangu siku zile yakawa hayajai upesi, sijui kwa nini.

Tukafika mahali pa kupeleka posa. Mjomba wangu Makungu, aliyenilea na kunifundisha kazi, akakubali kuwa mshenga, akapanga na wazee wenzake siku ya kuvuka. Ikawa imebaki jumaa moja hivi, nikamkuta Mwanahawa kisimani anacheka peke yake.

"Leo nyumbani hakukaliki," akaniambia. "Kiko cha baba kimepasuka, toka asubuhi anagombana hata na kuku."

Akajitwika mtungi wake, akaenda. Maneno yenyewe ndiyo hayo, hayakuongezeka wala hayakupungua. Mimi nikayabeba mpaka Jibondo kama mtu aliyepewa amana, na njia nzima nikawa najiambia: Bakari, hapa ndipo pa kuonyesha kwamba wewe si mteka maji tu, mtengenezee mzee kiko kwa mkono wako mwenyewe. Ningeweza kununua. Pale Chole alikuwapo mtu aliyetengeneza viko na kuviuza, na ningemaliza shughuli ile kwa pesa kidogo na bila kumuudhi mtu yeyote. Lakini mapenzi yalikuwa yamenipanda kichwani.

Sasa niwaambie jambo moja ambalo nilipaswa kulifikiri mapema: mimi sivuti. Sijawahi kuvuta. Tumbaku hunitia kichefuchefu hata ikiwa upepo unakwenda upande mwingine. Kiko nilikijua kwa kukiona: nazi nzima iliyotolewa nyama na kutiwa maji, juu yake unasimama mti ulio wazi katikati, uitwao digali, unaoshuka mpaka ndani ya yale maji, juu ya digali linakaa bori, yaani kikombe cha udongo cha kutilia tumbaku na kaa la moto, na ubavuni mwa nazi linatoka tete la kuvutia, shilamu. Mtu akivuta, moshi unapita majini na maji yanalia. Mlio huo unaitwa malio, na wajuzi wanakipima kiko kwa malio kabla hawajauliza tumbaku imetoka wapi. Hayo yote niliyajua. Nilichokuwa sikijua ni kingine chochote.

Nazi niliichagua mwenyewe, kavu, ya mviringo mzuri, nikaitoboa macho, nikamwaga maji yake, kisha nikaijaza maji ya chumvi na kuiacha ioze ndani, na kila nikirudi kazini nakwangua nyama kwa waya uliopindwa mpaka ikabaki fuu tupu. Nje nikaisugua kwa ngozi ya samaki taa, ile tunayosugulia mbao, nikaipaka masizi na mafuta ya nazi, ikawa nyeusi inang'aa. Hapo, nasema bila kujisifu, kazi ilikuwa kazi. Digali nilichonga kwa mti wa mkandaa na kuutoboa kwa waya wa moto, na waya ukapotea njia ukatokea ubavuni, nikatoboa mwingine. Bori la kwanza nililifinyanga likapasuka motoni. La pili likatoka zima, ila limeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani, nikaliona linafaa.

Ikabaki kuziba maungio. Kila mtu anajua maungio ya kiko huzibwa kwa nta ya nyuki. Jibondo nyuki angekuja kufanya nini, maua yako wapi, na posa ilikuwa kesho yake, na wa kumtuma Chole sikuwa naye. Nikakaa pale ufukweni, mbele yangu fuu langu zuri, pembeni chungu cha mafuta ya papa na kopo la deheni, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi ambao nimeulipia maisha yangu yote. Nikajiambia: chombo kizima kinakaa baharini miezi hakivuji, kitanishinda kifuu? Nikachukua pamba, nikailoweka vizuri, nikaisindilia kwa patasi ndogo kila palipokutana kitu na kitu, chini ya bori, digali lilipoingia kwenye nazi, shilamu lilipotoka, kisha nikapaka deheni juu, tabaka nene, nikalainisha kwa kidole. Nikaziba matundu kwa vidole, nikakizamisha baharini. Hakikuingiza kitu. Nilifurahi mpaka nikaimba.

Nikampelekea mjomba. Akakigeuza, akakinusa.

"Mbona kinanuka chombo?"

"Harufu itaisha, mjomba."

"Umekijaribu?"

"Nimekizamisha, hakivuji."

"Kukivuta, nasema."

"Mimi sivuti, mjomba."

Mjomba naye alikuwa mtu wa tambuu, kiko hakutia mdomoni, basi tukatazamana, mafundi wawili wa vyombo, tukaona kazi imekamilika.

Na hapo nikaongeza kosa jingine. Mnajua kwamba mwoaji haendi kwenye posa yake, hukaa kwao akasubiri majibu. Mimi nikasema lazima niende, kiko ni kitu cha kuchukuliwa kwa uangalifu na mwenye kukijua ni mimi, nikavaa shuka ya kazi nionekane mchukuzi tu, na mjomba akachoka kubishana. "Utakaa penye viatu," akaniambia, "na mdomo wako utakaa hapo hapo na wewe."

Tukafika. Wakati ule boma la Mdachi lilikuwa bado Chole, mji una watu wengi, na nyumba ya Mzee Mbaraka ilikuwa kwenye njia wanayopita wote, baraza yake pana, imeezekwa kwa makuti, tena makuti ya kiangazi, makavu. Hodi, karibuni, wazee wakaingia, mimi nikakaa penye viatu. Nikainua macho nimwone mkwe wangu. Mzee Mbaraka alikuwa ameketi juu ya mkeka na kaka yake, Mzee Kombo wa Bweni, aliyekuja kutembea, na mbele yao kilisimama kiko kipya, kizuri, kilichozungushiwa shaba, kimetoka Unguja, kinavutwa kwa raha kabisa.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angemkonyeza mjomba, kiko chetu kikafichwa chini ya shuka, posa ikaendelea. Mimi nilikohoa. Nilikohoa ili mjomba akumbuke zawadi.

"Na hiki," mjomba akasema, "kijana wetu mwenyewe, anayeomba, kakitengeneza kwa mkono wake, ndiyo salamu zake kwako."

"Mashaallah," akasema Mzee Mbaraka, akakipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu muungwana sana. Mtu mwingine angeshukuru na kukiweka kando, lakini yeye aliona zawadi ya posa haiwekwi kando mbele ya walioileta, akaagiza maji, tumbaku na kaa la moto, akaweka kile cha shaba nyuma yake, akavuta changu.

Malio yalikuwa mazuri. Hili nalisema kwa sababu hakuna anayelitaja. Maji yalilia kwa sauti nzito ya taratibu, Mzee Kombo akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami pale penye viatu nikaona nimeshaoa. Kisha moshi ukafika kinywani.

Mzee Mbaraka hakukohoa. Alitulia na moshi ule ndani, macho yakamjaa maji, yakamtiririka mpaka ndevuni, halafu akautoa polepole na kusema, "Kina... kina uzito." Akampa kaka yake. Mzee Kombo akavuta, akatazama paa kwa muda mrefu, akasema, "Subhanallah," akampa mjomba. Mjomba hakuweza kukataa zawadi yetu wenyewe. Akavuta, na tambuu aliyokuwa akiitafuna akaimeza nzima. Kisha wazee wenzake, mmoja mmoja, kila mtu akivuta na kushukuru Mungu na kusogeza kwa jirani yake upesi kuliko alivyopokea, na baraza nzima ikanuka kama siku tunayopaka mafuta jahazi zima. Paka akatokea uani, akakaa. Akatokea mwingine. Hawakumtazama mtu, walikitazama kiko.

Mjomba akaona aokoe jahazi. Akakohoa, akaanza: "Mzee Mbaraka, sisi tumekuja kwa heri. Tumeona katika nyumba hii pana ua..."

"Samahani, ndugu yangu," akasema Mzee Mbaraka, ambaye kiko kilikuwa kimemrudia na uungwana ukamlazimisha avute tena. "Kimeziba."

Sasa nawaeleza kilichotokea, ingawa nilikielewa baadaye sana. Kaa la moto lilikuwa limelipasha bori, shahamu ya deheni ikayeyuka, ikashuka ndani ya digali mpaka majini, na shahamu ikigusa maji ya baridi inaganda. Digali likawa na kizibo. Nimeziba mianya mingi katika maisha yangu, na hakuna niliouziba vizuri kama ule, maana wazee wale walivuta mpaka mashavu yakaingia ndani na hakikupita kitu.

Sikuweza kuvumilia. "Lete nikizibue, mzee," nikasema.

Wote wakageuka kutazama penye viatu.

"Na huyu nani?" akauliza Mzee Kombo.

"Huyu ni mchukuzi," mjomba akajibu.

"Mchukuzi anajua kuzibua kiko?"

"Atajua, ndiye aliyekitengeneza," mjomba akasema, halafu akasikia alichosema. Nyuma ya mlango, walikokaa wanawake, kikatoka kicheko kilichobanwa mdomoni, na kicheko kile nilikijua, nimekisikia kisimani mara nyingi. Ningetoka mbio wakati ule. Badala yake nikatambaa juu ya mkeka wa watu, nikakichukua kiko kutoka mikononi mwa baba mkwe wangu, nikaweka mdomo kwenye shilamu, nikajaza kifua, nikapuliza.

Kiko hakipulizwi. Kila avutaye anajua, hata kizee asiyeona anajua. Ukipuliza, pumzi inayasukuma maji, na maji hayana pa kwenda ila juu kwenye digali, na mimi nina kifua cha kupiga nyundo kutwa. Nikasikia kitu kimeachia ndani, pwaa, maji ya tumbaku yakaruka, Mzee Kombo yakamwosha uso na kanzu, na lile bori, lililokuwa limeshikwa na pamba ya mafuta ambayo sasa inawaka, likang'oka na kwenda juu na kaa lake, likaingia kwenye makuti, likakaa.

Tukatazama juu wote. Makuti yakasema chach, chach.

Mengine yalikwenda haraka. Wanawake wakatoka na mitungi, majirani wakaja na ndoo na madebe, njia ikajaa, maana moto kwenye makuti hauulizi nyumba ya nani. Mimi nikapanda juu nikayang'oa yaliyoshika moto kwa mkono mtupu, na hilo pia hakuna anayelitaja. Askari wa boma wakaja mbio. Kumbukeni kwamba posa ni jambo la ndani, halitoki nje mpaka watu wamekubaliana, hata jirani wa ukuta kwa ukuta hapaswi kujua, na huko chini njiani bibi mmoja anapiga kelele, "Kuna nini kwa Mzee Mbaraka?" na mwanamke mwingine, sijui nani, anamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka bomani: "Posa! Watu wa Jibondo wameleta posa!"

Moto ukazimika. Askari akauliza mbele ya umati nani kauwasha. Nikainua mkono, na mkono wenyewe ulikuwa bado umeshika kiko. Akakinusa, akarudi nyuma.

"Hiki nini?"

"Kiko."

"Cha kufanyia nini?"

"Zawadi," nikasema.

Mjomba alikuwa amesimama katikati ya baraza, amelowa, masizi usoni, paka miguuni, na Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kumaliza alichokianza. "Basi, Mzee Mbaraka," akasema, "kama nilivyokuwa nikieleza, pana ua..."

Mzee Mbaraka aliivua kofia yake, akaikamua maji, akaivaa tena. Akatutazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko matusi. "Majibu mtaletewa," akasema.

Tukarudi Jibondo. Njiani mjomba alikichukua kile kiko bila bori, akakiweka baharini kwa upole. Hakikuzama. Kilitufuata na maji sehemu kubwa ya safari.

Majibu yakaja, na mjumbe alikuwa na maneno mawili. La kwanza, Mzee Mbaraka hana kinyongo na mtu, lakini mji mzima umeshuhudia, na akitoa binti sasa watasema kampa mtu aliyemchomea nyumba, basi Mwanahawa anaolewa na mtoto wa Mzee Kombo, huko Bweni. La pili, mashua ya mzee inavuja, na anaomba, kama hatuoni vibaya, aje aikalafati yule aliyeziba kile kiko.

Mjomba akasema kazi ni kazi. Mimi nikasema ndiyo, kazi ni kazi, lakini nilikwenda kwa sababu nilitaka kumwona, siwafichi.

Nikaifanya mashua ile kwa siku kadhaa, pale pwani karibu na kwao. Siku ya mwisho maji yalikuwa yametoka, wanawake wanapita kwenda kuokota chaza, naye alikuwamo, na shangazi yake. Shangazi akaendelea mbele, nadhani kwa makusudi. Mwanahawa akasimama upande wa pili wa mashua, nikawa naiona miguu yake tu.

"Bakari," akasema, "baba alikuwa keshakubali. Tangu kabla hamjavuka. Mlikuwa mnakuja kuchukua neno tu."

Nikashusha nyundo.

"Kiko nani alikuagiza?"

"Hakuna," nikasema.

Akasimama kidogo tena. Safari hii hakucheka, na nilitamani sana acheke. Kisha miguu ile ikaondoka, nami nikasindilia pamba iliyobaki, kwa sababu maji yalikuwa yanarudi na kazi isingenisubiri.

Arusi ikafanyika, akapelekwa Bweni kwa mashua ile ile. Nilisaidia kuishusha majini, bega langu hili.

Tangu hapo nimeapa, na kiapo nimekishika: siendi kwa mtu na kitu ambacho hakukiagiza kwa mdomo wake. Naalikwa arusini, naenda mikono mitupu. Naenda kumtazama mgonjwa, namwombea dua, narudi. Jibondo nzima wanasema Bakari mchoyo, mke wangu naye anasema, na mama mkwe wangu anasema kwa sauti kubwa zaidi. Waacheni waseme. Nimekuwa karimu mara moja katika maisha yangu, na Mwanahawa yuko Bweni.